X-Men mpya: mgawieni kila mtu kazi, na muanze na Storm

Kwa Ndugu Kevin Feige, Rais wa Marvel Studios,
Kwa Ndugu Jake Schreier, mwongozaji,
Na kwa waandishi wote wa skripti ya X-Men,
Burbank, California.

YAH: NGUVU NA UDHAIFU WA FILAMU ZA X-MEN, NA NAFASI YA STORM

Ndugu waheshimiwa,

Disney ilipokamilisha ununuzi wa 21st Century Fox tarehe 20 Machi 2019, X-Men, kundi la mashujaa wa katuni za Marvel ambao ni mutanti, yaani watu waliozaliwa na nguvu za ajabu, walirudi kwenu wakiwa na mzigo: filamu saba za kundi zilizotengenezwa na Fox, kuanzia ile ya 2000 hadi Dark Phoenix ya 2019. Baadhi ni nzuri kuliko zinavyokumbukwa. Nyingine zina makosa yanayojirudia kwa namna ileile, mahali palepale, na kosa la aina hiyo haliwezi kusingiziwa bahati mbaya. Chanzo chake ni skripti. Tunawaandikia ili myaone wakati bado yanafutika kwa kalamu.

Katika vibanda vya video vya Afrika Mashariki, anayeingia akiwa amechelewa huuliza swali moja kabla hajakaa: steringi nani? Steringi ndiye anayefuatwa na kamera, ndiye hafi, na wengine wote wapo ili yeye aonekane. Kwa filamu ya mtu mmoja ni swali la haki. Kwa filamu ya kundi ni mtego, na Fox walinasa. Jibu lao lilikuwa Wolverine, shujaa mwenye makucha ya chuma. Hugh Jackman anaonekana katika filamu sita za kwanza za kundi, ingawa katika mbili kati ya hizo ni kwa muda mfupi sana, kisha akapewa tatu za peke yake. Wolverine akipumzika, nafasi inachukuliwa na Xavier, profesa msomaji wa akili mwenye shule ya mutanti, na Magneto, mpinzani wake anayetawala chuma, na ubishi wao usiokwisha. Waliobaki wamekuwa wasindikizaji.

Kipimo chetu katika barua hii ni Storm, mwanamke anayetawala hali ya hewa, kwa sababu mbili. Ya kwanza: yumo katika filamu sita kati ya saba, akiigizwa na Halle Berry (2000, 2003, 2006 na 2014) na baadaye Alexandra Shipp (2016 na 2019), kwa hiyo anayetaka kujua kama kazi iligawanywa kwa haki ana ushahidi wa kutosha. Ya pili: huyu ni wa kwetu. Alitambulishwa na Len Wein na Dave Cockrum mwaka 1975, na kwa jina lake halisi, Ororo Munroe, ni binti wa Mkenya na mpiga picha wa magazeti wa Kimarekani. Alizaliwa New York, akawa yatima Cairo, akaishi kwa wizi wa mitaani, kisha akatembea kusini hadi Kenya. Chris Claremont, aliyeandika X-Men kuanzia 1975 hadi 1991, alimfanya kiongozi wa kundi baada ya Cyclops, kiongozi wa kabla yake, kuondoka. Mwaka 1986 alimfanya amshinde Cyclops huyohuyo katika pambano la kugombea uongozi, wakati ambapo Storm hakuwa na nguvu yoyote ya ziada. Anayemjua Storm kwa filamu peke yake anaweza kudhani tumeitunga hiyo habari.

Sifa kwanza, maana zipo na zina mafunzo.

Tazameni tena mwisho wa filamu ya 2000, juu ya Sanamu ya Uhuru. Rogue, msichana wa kundi, amefungwa ndani ya mashine ya Magneto, juu kabisa kwenye mwenge. Storm anaita upepo. Jean anamshika Wolverine angani kwa nguvu ya akili asipeperushwe. Wolverine anaifikia mashine. Cyclops anapata mwanya na kumpiga Magneto kwa miali ya macho. Watu wanne, nguvu nne, kazi moja, na ukimtoa yeyote kati yao Rogue anakufa. Filamu ile ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 75, kiasi kidogo kwa kazi ya namna hiyo hata wakati ule, na madoido yake mengi yamezeeka. Ila mpango wa pambano lile haujazeeka hata kidogo.

Ya pili, X2 ya mwaka 2003, ndiyo bora ya mfululizo huu kwa maoni yetu, na sababu ni kwamba nguvu za watu zinawekewa masharti kabla hazijatumika. Magneto yuko katika gereza la plastiki lisilo na chembe ya chuma. Tunaonyeshwa hilo kwa makini. Kisha Mystique, mshirika wake anayejigeuza umbo, anamdunga askari chuma cha maji kwenye damu, na chuma hicho ndicho kinachomtoa mfungwa. Nightcrawler, anayetoweka hapa na kutokea pale, hawezi kujihamisha hadi mahali asipopaona, kwa kuwa anaweza kujikuta ndani ya ukuta. Hatari hiyo inatajwa, halafu Storm anamwomba aijaribu. Wakishaingia, Storm hapigani ngumi na mtu. Anashusha joto la chumba hadi njozi alizotengeneza kijana Jason zinavunjika. Mwandishi wa tukio lile alijiuliza hali ya hewa inaweza kufanya nini zaidi ya kupiga radi. Swali hilo halikuulizwa tena kwa miaka 16 iliyofuata.

Lipo pia tukio la Quicksilver, kijana mwenye kasi ya ajabu, katika jiko la Pentagon, katika Days of Future Past ya 2014. Lilipigwa kwa kamera za kasi ya picha zaidi ya 3,000 kwa sekunde, na linamweleza mhusika mzima bila hotuba: kijana anayeishi katika dunia iliyosimama, anayechoshwa na ugoigoi wa wengine, na kwa hiyo ni mtundu. Lakini mara baada ya hapo kijana huyo anarudishwa nyumbani kwao, na filamu inaendelea na shida ambazo angezimaliza zote kwa muda wa kupiga chafya. Kila mtazamaji aliuliza kwa nini wamemwacha, na jibu la kweli ni kwamba skripti ilimwogopa.

Hapo ndipo udhaifu mkubwa wa mfululizo ulipo. Mmewarithi watu wenye nguvu zisizo na mipaka, na Fox, badala ya kuweka mipaka, waliwapa ugonjwa. Hesabuni yaliyompata Xavier. Mwaka 2000 anapoteza fahamu kwa sumu iliyotiwa katika Cerebro, mashine inayomkuzia uwezo wa kusoma akili. Mwaka 2003 anatekwa. Mwaka 2006 anasambaratishwa. Mwaka 2014 anatumia dawa inayomrudishia miguu na kumwondolea uwezo wa kusoma akili. Mwaka 2016 anatekwa tena. Msomaji wa akili za watu wote duniani anamaliza mapambano yote mapema, basi lazima alazwe, na mara ya tatu mtazamaji ameshajua kwamba profesa akionekana mzima katika nusu ya kwanza, kitanda kiko njiani.

Dawa yake ni nyepesi na haina gharama: wekeni masharti matatu kwa kila nguvu, yaandikwe kabla ya rasimu ya kwanza, na mtazamaji ayaone ndani ya dakika 20 za mwanzo. Nguvu inahitaji nini ili ianze? Inachukua muda gani? Inamgharimu nini mwenyewe au jirani yake?

Tumchukue Storm. Wingu la radi halitokei kwa macho kugeuka meupe. Linahitaji vitu vitatu: unyevu, hewa yenye joto chini na ya baridi juu yake, na kitu cha kuisukuma ile ya chini ipande. Wingu la kawaida la radi huishi takriban nusu saa hadi saa nzima, tangu linapoumuka hadi linapomwaga mvua na kufifia. Tuseme Storm anaweza kuharakisha hilo hadi dakika nne. Dakika nne katika pambano ni nyingi mno, na sasa kundi lina kazi: wenzake lazima wamnunulie dakika hizo, kila mmoja kwa njia yake, huku mtazamaji akiliona wingu likipanda nyuma yao. Tayari mna saa inayohesabika, mna uongozi, maana ni yeye anayepanga nani asimame wapi, na mna hofu ya kweli kwa sababu anaweza kuvurugwa dakika ya tatu. Unyevu nao hauzuki tu. Akiuvuta hapa, umepungua pale. Nani ananyimwa mvua wiki hiyo ili X-Men washinde Jumanne? Hilo ni swali la filamu nzima, na liko ndani ya nguvu yake tangu zamani.

Hata sauti inaweza kufanya kazi. Ngurumo husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo radi iliyopiga kilomita 1 kutoka hapa husikika baada ya sekunde 3 hivi. Filamu nyingi huunganisha mwanga na mlio hata radi ikiwa mlimani ng'ambo. Mkizitenganisha, mtazamaji atajua Storm yuko mbali kiasi gani na anakaribia kwa kasi gani bila kumwona. Hiyo ni kazi ya mhariri wa sauti, wala haihitaji senti ya madoido ya kompyuta.

Halafu lipo jambo ambalo Claremont aliwaachia na Fox hawakuligusa: Storm anaogopa mahali palipobana, kwa sababu akiwa mtoto alifukiwa chini ya kifusi cha nyumba Cairo, mama yake akiwa amekufa kando yake. Mwanamke anayetawala anga nzima anashindwa na lifti. X2 yenyewe ilimpeleka ndani ya ngome ya chini ya ardhi, chini ya bwawa, na hakuna aliyekumbuka. Mwandishi gani anaachia kitu kama hicho?

Sasa tuangalie walivyomtumia. Katika filamu ya 2000, tukio lake bora ni la kitandani kwa Seneta Kelly. Seneta anakufa, mwili wake unageuka maji, na anamwuliza Storm kama anawachukia watu wa kawaida. Storm anakiri kwamba wakati mwingine ndiyo, pengine kwa kuwa anawaogopa. Tukio fupi sana, na halina upepo wala radi. Katika X2, bora ni mazungumzo yake na Nightcrawler kuhusu hasira na imani. Nalo halina radi. Mnaona mpangilio: Storm anakuwa mtu pale tu anapoachwa azungumze, na anapotumia nguvu anageuka mtambo wa hali ya hewa.

The Last Stand ya 2006 ilimpa nafasi kubwa zaidi na ikaipoteza kwa namna ya kuudhi. Shule inabaki mikononi mwake baada ya Xavier. Kuna dawa inayowaondolea mutanti nguvu zao, na Rogue, ambaye akimgusa mtu kwa ngozi tupu anaweza kumuua, anataka kujua kama ni kweli. Storm anamjibu kwamba hakuna cha kuponya, hana kasoro yoyote. Ni rahisi kwake kusema! Yeye nguvu yake ilimfanya aabudiwe. Ya Rogue ilimnyima hata kumshika mpenzi wake mkono. Pale palikuwa na mgogoro wa dakika kumi kati ya wanawake wawili wenye hoja nzito pande zote. Skripti ikampa sentensi mbili, ikaondoka kwenda kuhamisha daraja la Golden Gate. Na huko Alcatraz, ambako daraja hilo linaondoka mchana na kutua usiku bila maelezo, kiongozi mwenye uwezo wa kuita kimbunga anapigana kwa mikono na miguu.

Mwaka 2014 anachomwa mgongoni na Sentinel, roboti la kuwinda mutanti, na kufa. Mwaka 2016 yuko Cairo, mwanzo mzuri, anazungumza Kiarabu, anaiba sokoni, kisha Apocalypse, adui wa filamu hiyo, anamchukua na kwa saa nzima iliyobaki anasimama nyuma yake kama mlinzi wa benki. Anapogeuka upande mwishoni, uamuzi huo mkubwa umeonyeshwa kwa kutupa jicho mara moja. Ya 2019 hatuna la kusema juu yake; hakupewa kitu.

Tusidhani ni Storm peke yake. First Class ya 2011, ambayo kwa mengine tunaipenda, ina tukio moja linalohitaji kuangaliwa bila haya. Darwin ana uwezo wa mwili kujibadilisha ili asife, haidhuru amepigwa na nini. Huyo ndiye anayekuwa wa kwanza kufa miongoni mwa vijana waliokusanywa. Aliyemwigiza ni Edi Gathegi, mzaliwa wa Nairobi. Katika tukio hilohilo Angel Salvadore, aliyeigizwa na Zoë Kravitz, anahamia kwa adui. Kwa dakika chache tu kundi limebaki na vijana weupe peke yao, katika hadithi inayosema kwamba inahusu ubaguzi. Hatudai kwamba mtu alikusudia. Tunasema jedwali la wahusika lingeonyesha.

Jedwali lenyewe ni hili, na mnaweza kulibandika ukutani leo. Mistari ni wahusika, safu ni matukio. Katika kila kisanduku andikeni herufi: N kama mhusika ametumia nguvu yake, K kama amesema jambo linalobadilisha mawazo ya mwenzake, U kama amefanya uamuzi wenye gharama. Mstari wenye N tupu si mhusika, ni kifaa. Mstari wenye K bila U ni mshauri. Jaribio la pili ni la pambano la mwisho: mfuteni mtu mmoja, msome upya. Matokeo yasipobadilika, ama mpeni kazi au mtoeni katika filamu. Kumbakiza kwa ajili ya bango ni kumwonea mwigizaji na mtazamaji.

Na hesabu ya muda isiwapite. Filamu ya dakika 135, ukitoa dakika 8 za orodha ya majina, inabaki na 127. Mapambano matatu makubwa yanakula 40. Zinabaki 87. Kundi la watu saba na maadui wawili ni watu tisa. Kila mmoja anahitaji walau mahali patatu: pa kuonyesha anataka nini, pa kuchagua, na pa kulipia alichochagua. Kwa dakika mbili na nusu kila mahali, ni dakika 67 na nusu. Zimebaki kama 20 za kisa chenyewe, yaani nani kaiba nini na kwa nini leo. Haitoshi, na ndiyo sababu filamu hizi hujaza pengo kwa mtu kusimama mbele ya kioo cha kompyuta akieleza. Njia ni mbili. Punguzeni kundi hadi watano, au fanyeni uchaguzi na malipo yatokee ndani ya mapambano, kama mlivyofanya wenyewe katika The Avengers ya 2012: Captain America anagawa kazi barabarani New York kwa sentensi chache, na tangu hapo mtazamaji anajua nani yuko juu ya paa, nani yuko chini na wanasubiriana kwa lipi. Mnaijua kazi hii. Tunachoomba ni msiisahau kwa kuwa jina X-Men linajiuza.

Ushauri wetu wa kundi: Storm, Cyclops, Jean, Nightcrawler na Rogue. Wolverine aachwe kando kwa filamu ya kwanza. Tunajua mauzo ya Deadpool & Wolverine ya 2024 yanasema vingine, lakini akiingia mlangoni, kamera itamfuata, na mtakuwa mmerudi mwaka 2000. Hata Days of Future Past, ambayo katika kitabu cha katuni cha 1981 ni Kitty Pryde anayerudishwa nyuma, ilipofika kwenye sinema safari alipewa Wolverine. Sababu ilikuwa na mantiki, kwani Kitty asingekuwa amezaliwa mwaka 1973. Ajabu ni kwamba mantiki kila mara inaelekea upande mmoja.

Msianze na Phoenix, kisa cha Jean kuzidiwa na nguvu yake. Katika vitabu Jean alichukua jina hilo mwaka 1976 na akafa 1980: miaka minne ya kumzoea. Mwaka 2006 kisa hicho kilibanwa pamoja na kisa cha dawa ndani ya filamu ya dakika 104. Mwaka 2019 kilirudiwa na mwandishi mwenza yuleyule, safari hii akiwa mwongozaji pia, kwa Jean ambaye watazamaji walikuwa wamekutana naye mara moja tu. Hatuwezi kumlilia mtu tuliyemjua juzi.

Lipo pia tatizo la umri wa Magneto ambalo haliepukiki. Filamu ya kwanza inaanza mwaka 1944 katika kambi ya mauaji nchini Poland, mvulana akitenganishwa na wazazi wake, na bila tukio hilo hoja zake zote zinakuwa kelele. Mvulana wa miaka 13 wakati ule leo amepita 90. Fox walilipuuza jambo hili: kati ya 1962 ya First Class na 1992 ya Dark Phoenix imepita miaka 30, na sura ya Michael Fassbender haikuongezwa hata mvi za kutosha. Mkimweka Magneto katika dunia ya sasa, ama mtoe sababu ya mwili kutozeeka na muitoe mapema, ama filamu ikae katika miaka ya 1960 au 1970. Msibadilishe chanzo chake ili kurahisisha tarehe.

Turudi nyumbani kwa Storm. Toleo la 1975 linamtambulisha nchini Kenya akiwa mungu wa mvua, watu wamepiga magoti, yeye juu amevaa karibu na uchi. Miaka hamsini baadaye hamwezi kulipiga picha tukio hilo kama lilivyo. Wala hamna haja ya kulitupa, kwa sababu Kenya ina kitu cha kweli kilicho bora zaidi. Katika Bunyore, kaunti ya Vihiga, ukoo wa Nganyi unajulikana kwa kizazi hadi kizazi kwa utabiri wa mvua. Wazee wake huchunguza miti, wadudu, ndege na mwelekeo wa upepo, na wamewahi kukaa meza moja na wataalamu wa hali ya hewa ili kulinganisha utabiri. Kwao mvua ni elimu, ni dhamana, na jirani ana haki ya kuja kuuliza. Binti wa mitaani kutoka Cairo mwenye nguvu asizozielewa, akiwekwa mbele ya mzee anayejua mvua lakini hana nguvu hizo: hayo ni matukio mawili au matatu ambayo hayajawahi kuonekana katika filamu yoyote ya mashujaa. Jina la ukoo si lazima mlitumie, na mkilitumia ombeni ruhusa kwa wenyewe. Lakini anzieni hapo badala ya kuanzia kwenye jiwe na umati uliopiga magoti.

Jiografia nayo. Vitabu vinamfikisha tambarare za Serengeti na kuziita Kenya. Hifadhi ya Serengeti iko Tanzania. Upande wa Kenya ni Maasai Mara. Mvua ndefu za masika ni Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba. Anayetafuta nchi ya radi na mvua ya mawe asikimbilie mgunga mmoja kwenye nyasi kavu: aende Kericho na Nandi, kwenye mashamba ya chai, ambako mawe ya barafu huchana majani, au Kakamega na Kisii. Kijani kibichi, milima, ukungu, wingu jeusi likitoka upande wa Ziwa Viktoria alasiri. Kwa macho tu, hiyo ni filamu nyingine kabisa. Na mkishachagua mahali, nguo, nyumba na ngoma ziwe za mahali hapo; msitie shuka ya Kimaasai juu ya shanga za Kizulu.

Kuhusu lugha mna mfano wenu wenyewe. Black Panther ilitumia Kixhosa kwa uzito kwa sababu mwigizaji John Kani alikileta tangu 2016 na kikashikiliwa. Storm wa 2000 alipewa lafudhi inayosikika katika baadhi ya sentensi na kupotea katika nyingine, na filamu iliyofuata ikaiacha kabisa. Ili yasijirudie: amueni kwanza alijifunza Kiswahili wapi na akiwa na umri gani. Kwa historia yake, alianza na Kiingereza na Kiarabu cha Cairo, Kiswahili kikaja ujanani, kwa hiyo chembe ya Kiarabu katika matamshi yake ni ya haki. Mwajirini mwandishi wa Kiswahili wakati wa skripti, aandike kutoka kwenye nia ya tukio, asipewe sentensi za Kiingereza kuzigeuza usiku wa kuamkia kupiga picha. Mkufunzi wa matamshi awepo kwenye seti na arudi tena wakati wa kurekodi upya sauti, maana mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho na mwigizaji mgeni huuhamisha anapochoka. Mhariri naye aelezwe: kauli ya sekunde mbili kwa Kiingereza inaweza kutaka tatu au nne kwa Kiswahili, na akikata kwa mwendo aliouzoea atamkata mtu katikati ya kitenzi. Mzee wa Pwani husalimiwa kwa shikamoo. Kijana wa Nairobi huenda asiitoe. Hayo huamuliwa na anayejua, si na kamusi.

Usaili ufanyike pia Nairobi, Mombasa, Kampala na Dar es Salaam, ana kwa ana, wala si kwa video za simu pekee. Ngozi nyeusi ipimiwe taa yake. Nywele nyeupe zikikaa juu ya ngozi nyeusi huivuta kamera ijiweke kwa ajili ya nywele, na uso unazama gizani. Wigi moja, mtindo mmoja wenye sababu, mwanzo hadi mwisho. Filamu za Fox zilimbadilishia nywele karibu kila mara kana kwamba mhusika alikuwa nywele.

Msimlete kama mke wa mtu. Tunajua vitabu vilimwoza Storm kwa T'Challa, mfalme wa Wakanda, mwaka 2006, na tunajua Wakanda ni mlango rahisi. Akiingia kwa mlango huo atakuwa mgeni wa hadithi nyingine kabla hajapata yake.

Orodha ya waigizaji wa Avengers: Doomsday iliyotangazwa Machi 2025 ilikuwa na Xavier, Magneto, Cyclops, Mystique, Nightcrawler na Beast wa filamu za Fox. Jina la Halle Berry halikuwamo. Huenda mna mpango wenu, na hatudai kuujua. Ila tumeona, na tumehesabu.

La mwisho ni dogo. Jina la mama yake Storm, N'Dare, lina ritifaa katikati ambayo haina kazi hapo. Iondoeni.

Wenu katika filamu,

Sisi watazamaji na wasomaji wa katuni tunaoandika Kiswahili